Gego lililozibwa kwenye kompyuta: kila nikipunguza ukubwa wa elementi, mkazo wa kona unapanda

Mwana_Makete

Wakuu, habari za jioni. Natafuta mtu aliyewahi kupiga hesabu za mkazo kwa kompyuta, hata kama hajawahi kugusa jino.

Mimi ni daktari wa meno, sasa niko kwenye tasnifu ya uzamili. Kwenye kiti naona jambo lile lile likijirudia: mtu anakuja kashika shavu, gego la kwanza la chini liliwahi kuzibwa kwa amalgamu, ile dawa ya kuzibia ya metali, amalgamu yenyewe imekaa pale pale, lakini ukuta wa jino upande wa ulimi umekatika. Mama mmoja alikuja na kile kipande kwenye leso. Alikipata kwenye ugali akadhani ni jiwe la unga. Dawa inabaki, jino linaondoka. Nataka kujua nguvu ya kutafuna inapita wapi mpaka jino lenyewe ndilo linashindwa.

Nimechukua picha za CT za taya za mgonjwa aliyeridhia, nikatenganisha enameli (ganda gumu la nje), dentini (sehemu iliyo chini yake) na kiini kwa programu ya ITK-SNAP. Hesabu zinafanywa na programu ya CalculiX kupitia PrePoMax, kwa sababu zote mbili ni za bure na kompyuta yangu ni ya kawaida. Tundu nililochonga kwenye modeli ni lile pana linalopasua gego kuanzia upande wa mbele, likapita juu, likatokea upande wa nyuma, kuta mbili za pembeni zikabaki zimesimama. Enameli nimeipa moduli ya Young, yaani kipimo cha ukakamavu, ya gigapaskali 84, dentini 18.6, amalgamu 50, kompositi (dawa ya kuzibia inayokaushwa na taa) 12 na glasi-ayonoma (dawa ya kuzibia inayoshika jino yenyewe bila taa) 8. Uwiano wa Poisson, yaani kitu kikivutwa kinanywea pembeni kiasi gani, kwa zote uko jirani na 0.3. Mzigo ni nyutoni 200, unashuka kupitia tufe dogo linalogusa miteremko ya ndani ya vilele vya gego. Kompositi na glasi-ayonoma nimezifunga kwenye jino moja kwa moja, kwa sababu zinashika. Amalgamu nimeiacha iguse tu, na msuguano kidogo.

Sasa yanayonisumbua.

Kwanza, kwenye modeli ya amalgamu, kona ya ndani pale sakafu ya tundu inapokutana na ukuta wa upande wa ulimi, mkazo wa kuvuta haukai. Elementi, yaani vipande vidogo ambavyo kompyuta inaligawa jino, zikiwa za milimita 0.5 zinanipa megapaskali 62. Nikizipunguza hadi 0.25 napata 85. Nikienda 0.125, inaruka hadi 116. Nilitegemea namba itulie. Kompositi kwenye kona hiyo hiyo inapanda kidogo sana.

Pili, kusinyaa kwa kompositi wakati wa kukaushwa na taa. Nilisoma kwamba unaweza kumdanganya kompyuta kwa kumwambia kompositi imepoa, ijikunje kama kitu kinachopata baridi. Dawa niliyoichagua inasinyaa asilimia 2.4 ya ujazo, nikagawa kwa tatu, nikaweka asilimia 0.8 kila upande. Mkazo ukatoka juu ya megapaskali 130 hata kabla sijaweka mzigo wa kutafuna. Kama hiyo ni kweli, basi jino lingepasuka taa ikiwa bado mkononi, na mimi naziba kompositi kila wiki bila kuona hilo.

Tatu, msimamizi wangu anataka mstari wa mwisho wa tasnifu useme dawa ipi ni bora. Kwa namba nilizonazo ningeandika amalgamu inavunja meno. Nafsi inakataa.

Nikosoeni bila huruma, naomba.

Pwani_Nyavu

Mkuu, usijitese. Chukua mkazo wa von Mises, ule unaojumlisha mikazo ya pande zote kuwa namba moja, linganisha rangi nyekundu za dawa zote tatu kwenye ukubwa mmoja wa elementi, yenye nyekundu kidogo ndiyo mshindi. Tasnifu nyingi zimepita hivyo hivyo. Usipunguze tena ukubwa wa elementi, maana kompyuta itakufia.

Fundi_Boila

Mwana_Makete, pole na hongera kwa pamoja. Hongera kwa sababu umepunguza ukubwa wa elementi kabla ya kuamini picha. Mimi ni mhandisi wa mitambo, miaka mingi nimekuwa nikikagua boila na matangi ya shinikizo, na mke wangu ni daktari wa meno, ndiyo maana mezani kwetu magego ya plasta hayakosekani. Haya ninayoandika nimeyabishania naye hadi usiku, kwa hiyo yamepita mikono miwili.

Ndugu Pwani_Nyavu, kwa heshima zote, ushauri wako utamwingiza mwenzetu shimoni. Von Mises ilitungwa kwa ajili ya metali inayolegea na kunyumbuka kabla ya kukatika. Haitofautishi kuvuta na kukandamiza. Enameli ikikandamizwa inahimili mamia ya megapaskali. Ikivutwa kukatisha nyuzi zake, vitabu vya fani vinaitaja kwenye kumi hivi. Ukitumia kipimo kisichojua ni upande gani unavuta, doa jekundu chini ya tufe la mzigo, ambako enameli imekandamizwa na ipo salama, litakufanya usione mstari mwembamba unaovutwa pembeni, na jino huanzia kuvunjika hapo. Tumia mkazo mkuu wa kwanza, ule wa kuvuta. Kwa kompositi na dentini pia.

Turudi kwenye kona. Gawanya namba zako: 85 kwa 62 ni 1.37, na 116 kwa 85 ni 1.36. Kila ukikata elementi nusu, mkazo unazidishwa kwa kiasi kile kile. Hiyo ni saini. Mwaka 1952 M. L. Williams alionyesha kwa hesabu za karatasi kwamba kona ya ndani iliyo kali kabisa, ya digrii 90, katika kitu kinachonyumbuka, haina mkazo wa mwisho. Ukiisogelea, mkazo unakua bila kikomo kwa kipeo cha 0.4555. Sasa chukua 2 uipandishe kwa kipeo hicho: unapata 1.37. Modeli yako imeikuta nadharia ya Williams ndani ya gego. CalculiX haijakosea hata kidogo. Umeiuliza swali ambalo jibu lake ni "hakuna mwisho", nayo inakupa kipande cha jibu kulingana na elementi ulizonazo.

Kwa nini kompositi haipandi vile? Kwa sababu umeifunga. Kona yake imejaa kitu kilichoshikamana na pande zote mbili, kwa hiyo ukuta ukitaka kufunguka kompositi inauvuta urudi. Amalgamu yako haivuti chochote. Kwa habari ya kuvuta, kona ile ni kama iko wazi. Kwa hiyo hapo hukulinganisha amalgamu na kompositi. Ulilinganisha kilichogundishwa na kisichogundishwa, ukaandika majina ya dawa juu yake. Hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote nitakayosema leo.

Dawa ya kona ni rahisi. Hakuna jino lenye kona ya wembe. Ncha ya kuchongea uliyoitumia ina mviringo. Ipeleke chini ya hadubini, au hata ipige picha ikiwa pembeni ya rula, upime nusu kipenyo cha ule mviringo, kisha uuchore kwenye modeli. Weka elementi kadhaa kuuzunguka. Hapo namba itatulia, na itakuwa namba ya jino. Utaona pia kwa nini walimu wenu wanasisitiza kona za ndani za tundu zilainishwe: ukiongeza mviringo kutoka milimita 0.2 hadi 0.5 utaona mkazo ukishuka bila kubadilisha dawa yoyote. Mke wangu anasema hicho ni kitu daktari anaweza kukifanya kesho asubuhi bila kuagiza chochote.

Kusinyaa. Chukua kalamu. Moduli 12,000 megapaskali, gawa kwa 1 kutoa 0.3, zidisha kwa 0.008. Unapata 137. Hicho ndicho ulichokiona kwenye skrini, yaani ni mkazo wa kitu kilichobanwa pande mbili kisiweze kusogea, kikiwa kigumu tangu mwanzo hadi mwisho wa kusinyaa. Kompositi haiko hivyo. Mwanzoni taa inapowaka bado ni uji mzito. Inasinyaa huku ikitiririka, na mkazo haujengeki. Waliokandika nyumba za udongo wanalijua hili: udongo ukiwa tope unajikalia tu, ukishashika ndipo unapoanza kuvuta fito na kupasuka. Kinachohesabika kwenye jino ni ule mnyumbuko unaotokea baada ya kompositi kuganda, na ni sehemu tu ya asilimia zilizoandikwa kwenye pakiti. Unapimwa kwa kigeji kidogo kinachobandikwa kwenye dawa yenyewe wakati inakauka. Tafuta kipimo hicho kwa dawa yako, weka hicho kwenye ule ujanja wa baridi. Ujanja wenyewe ni halali. Usipunguze namba mpaka ikupendeze. Badilisha kile unachopima.

Na hapa kuna utafiti ambao lazima uusome, wa Antheunis Versluis na wenzake, 1996. Darasani wote mlifundishwa kujaza kompositi tabaka kwa tabaka ili kupunguza mkazo wa kusinyaa. Wao waliweka matabaka hayo kwenye modeli ya kompyuta, kila tabaka likisinyaa kwa zamu yake, wakakuta jino linabonyea ndani zaidi kuliko likijazwa kwa mkupuo mmoja. Kila tabaka linavuta kuta kidogo, tundu linapungua, linalofuata linakuta kuta tayari zimeingia ndani. Hiyo haimaanishi uache matabaka: taa haifiki chini kwenye kompositi nene ya kawaida, na kompositi mbichi chini ya tundu ni balaa lingine. Lakini sababu uliyopewa darasani haikusimama ilipowekwa kwenye hesabu. Mimi nauheshimu sana utafiti ule, kwa sababu ulimuuliza kompyuta swali dogo lenye mipaka.

Mtasikia pia habari za kipimo C cha Feilzer na wenzake, 1987: nyuso zilizogundishwa ukigawa kwa nyuso zilizo huru. Tundu la juu ya gego tu, lenye nyuso tano zimegunda na moja huru, linapata 5. Ni mwongozo mzuri wa kuta zisizopinda. Gego lako lenye kuta mbili nyembamba linapinda, kwa hiyo mkazo wa kwenye gundi unapungua huku kuta zikiinama. Tundu kubwa linaweza kuonekana salama kwa kipimo kimoja na kuwa hatari kwa kingine. Andika yote mawili: mkazo kwenye mpaka, na kiasi kuta zilivyosogea.

Mambo ya haraka ya wavu, yaani elementi zote kwa pamoja. Kama unatumia elementi za pembe nne za nodi nne (nodi ni vituo vya hesabu kwenye elementi), ziache. Ni kakamavu kupita kiasi zinapopinda. Tumia za nodi kumi. Hakikisha uko kwenye nyutoni na milimita, yaani enameli iandikwe 84000. Na ule utando unaoshikilia mzizi, wenye unene wa karibu milimita 0.2, picha za CT za taya hazitauonyesha vizuri kwa sababu chembe za picha zenyewe ni 0.1 hadi 0.4. Utengeneze kwa kunenepesha uso wa mzizi kwenda nje. Kwa swali lako la kona ya tundu hautabadilisha mengi, ila jino litasogea kama jino.

Sasa swali la msimamizi wako. Mwaka 1989 Reeh, Messer na Douglas walipima kwa mikono, kwenye meno halisi yaliyong'olewa, ni kiasi gani jino linapoteza ukakamavu wake. Tiba ya mzizi peke yake ilipunguza asilimia 5. Tundu la juu tu, 20. Tundu la kupasua mbele mpaka nyuma, kama lako, 63. Ona pengo hilo. Kabla hujamuuliza kompyuta kuhusu dawa yoyote, mwulize kuhusu jino zima, jino lililochongwa likiwa tupu, kisha lililozibwa. Kama modeli yako tupu haipotezi zaidi ya nusu ya ukakamavu wa vilele vyake, kuna kitu hakijakaa sawa, na dawa zote tatu hazina maana bado.

Kisha ungana na mimi kwenye jaribio hili. Endesha kompositi iliyofungwa. Endesha kompositi ile ile isiyofungwa. Endesha amalgamu isiyofungwa. Halafu endesha amalgamu iliyofungwa, hata kama kwenye kliniki hiyo si ya kawaida, ili uone mchango wa ukakamavu peke yake. Ukipata namba nne hizo utajua ni nini hasa kinachookoa ule ukuta wa upande wa ulimi.

Bi_Mwanaidi

Wanangu, hamjambo. Mimi ni tabibu wa meno, nimezeekea vituo vya afya vya mkoani, na haya mahesabu ya vipeo nayaacha kwenu. Lakini mkinisikiliza kidogo nitashukuru, maana naona mnajenga jino la mjini.

Tundu lenu limechongwa kwa mashine yenye maji na umeme. Mimi miaka mingi nimefungua jino kwa vyombo vya mkono, nikakwangua kilicholainika kwa kijiko, nikaziba kwa glasi-ayonoma nikikandamiza kwa kidole. Njia hiyo ilianzia hapa hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken alipokuwa Dar es Salaam, kwa ajili ya sehemu zisizo na umeme. Baadaye ilienda Thailand na Zimbabwe kwenye majaribio, na Shirika la Afya Duniani likaibeba. Watu wanadhani ilitoka nje ikaletwa kwetu. Ilitoka hapa.

Tundu la namna hiyo halina kona za mraba. Kijiko hakikati mraba, kinaacha bakuli. Tena ni dogo, maana tunaondoa kilichooza tu. Na chini tunaacha dentini iliyolainika kidogo, ile inayokwanguka kama ngozi, karibu na kiini, kwa makusudi, tusije tukatoboa kiini. Je, kwenye kompyuta hiyo dentini laini mnaiwekaje? Kama mnaipa 18.6 kama dentini nzima, basi hilo si jino ninaloliziba mimi.

Najua glasi-ayonoma ni dhaifu ikipindwa. Tundu la uso mmoja linakaa vizuri miaka; la nyuso mbili au zaidi linavunjika mapema, hilo nimeliona na tafiti zinasema hivyo hivyo. Lakini inashika yenyewe kwenye chokaa ya jino bila hatua za gundi, inatoa floraidi, haihitaji taa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu. Na amalgamu, ambayo karibu nusu yake ni zebaki, inaondoka: Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki umeanza kazi tangu 2017 na nchi yetu imo, Umoja wa Ulaya umesimamisha matumizi yake ya kawaida tangu Januari 2025. Kwa hiyo mwanangu Makete, tasnifu yako itasomwa na watu watakaokuwa na glasi-ayonoma na kompositi tu mkononi. Usiwape amalgamu kama kipimo cha kila kitu. Wawekee na tundu langu dogo la bakuli.

Fundi_Boila

Shikamoo mama. Umegusa kitu ambacho sisi wa mahesabu tunakiruka. Dentini iliyolainishwa na ugonjwa moduli yake inashuka sana, na haishuki kwa kiasi kimoja: karibu na tundu ni laini, ukienda chini inakaza. Makete anaweza kuweka tabaka mbili au tatu chini ya glasi-ayonoma, kila moja na moduli yake, kisha apandishe na kushusha hizo moduli aone kama jibu linabadilika. Likibadilika kidogo, mama ana haki ya kuiacha ile dentini bila hofu ya mkazo. Likibadilika sana, tunahitaji kipimo cha kweli. Sijaona sababu ya kutolifanya hili. Ni kazi ya alasiri moja.

Mwana_Makete

Bi Mwanaidi shikamoo. Fundi_Boila, asante kaka. Nilikaa na modeli, nawaletea kilichotoka.

Mviringo wa ncha yangu nimeupima: milimita 0.4. Nimeuchora kwenye kona, nikabadilisha elementi kuwa za nodi kumi. Mkazo mkuu wa kuvuta kwenye kona, amalgamu isiyofungwa: 71, kisha 74, kisha 74. Umetulia. Nilikaa kidogo nikiiangalia tu.

Jino tupu limepoteza asilimia 58 ya ukakamavu wa vilele ukilinganisha na jino zima. Sio 63, lakini wale walitumia premola, meno madogo yaliyo mbele ya magego, na mimi nina gego.

Zile namba nne: kompositi iliyofungwa 29. Amalgamu iliyofungwa 24. Kompositi isiyofungwa 76. Amalgamu isiyofungwa 74. Jino tupu lisilo na dawa 77. Yaani kuondoa gundi kumepandisha mkazo zaidi ya mara mbili na nusu, na kubadilisha dawa kutoka 12 hadi 50 gigapaskali kumeusogeza kwa pointi chache tu. Na amalgamu isiyoshika, kwa mzigo huu wa kwenye vilele, ukuta hauoni tofauti kubwa kati yake na shimo. Yule mama wa ugali jino lake lilikuwa limezibwa dhidi ya chakula kuingia, lakini kwa habari ya nguvu lilikuwa limeachwa wazi miaka yote ile.

Tundu la bakuli la Bi Mwanaidi, glasi-ayonoma, na tabaka tatu za dentini laini: mkazo wa kuvuta kwenye ukuta hauvuki 15 kwa moduli zote nilizojaribu. Ndani ya glasi-ayonoma yenyewe namba ziko chini pia, mradi tundu halijatokea upande wa mbele au nyuma. Nilipolifungua upande mmoja, glasi-ayonoma ikaanza kuvutwa pale shingoni penye wembamba, mahali pale pale ambapo mama anasema zinavunjikia.

Nimemwambia msimamizi siwezi kuandika dawa ipi ni bora. Nimemwomba mstari wa mwisho uzungumzie ukubwa wa tundu, mviringo wa kona na gundi, na dawa ziwe ndani ya hayo. Hakukataa. Ameuliza swali moja ambalo sikuwa na jibu lake: gundi ya kompositi hudhoofika kwa miaka, hasa ukingoni chini ambako enameli imekwisha na gundi inashika dentini tu. Je, 29 yangu itabaki 29?

Fundi_Boila

Msimamizi wako ni mtu makini. Haitabaki, na hiyo ndiyo sura inayofuata ya tasnifu. Usiifungue gundi yote kwa pamoja, haiondoki hivyo. Anzia ukingo wa chini, upande wa mbele na wa nyuma, ifungue milimita moja, kisha mbili, kisha sakafu yote, ukiacha kuta za juu zimeshika. Kila hatua soma mkazo wa kona ya upande wa ulimi. Natarajia utapanda polepole, halafu ghafla gundi ya ukuta ule ikianza kuachia. Hapo panapogeuka ndipo daktari anatakiwa kuwa ameshaamua kufunika vilele.

Jambo moja zaidi kuhusu mzigo. Tufe lako linagusa vilele peke yake. Fanya pia mara moja likigusa dawa katikati, maana mahindi ya kuchoma hayachagui mahali pa kukanyaga. Kompositi iliyofungwa na isiyofungwa zitatofautiana kidogo hapo, na msomaji wako atataka kujua.

Na ukipata gego lililong'olewa, lichonge tundu lile lile, libane kwenye vaisi ndogo, libandike kigeji upande wa nje wa ukuta wa ulimi, ulikandamize polepole bila kulivunja. Mashine ya kukandamiza ipo kwenye maabara yoyote ya uhandisi wa ujenzi. Ya kupimia zege itakuwa na nguvu nyingi mno, omba ile ndogo ya plastiki na mbao. Kigeji kikisoma jirani na modeli yako, umemaliza.

Ukiwa tayari kunitumia faili za modeli nizikague, tuma za CalculiX tu. Zile za CT usizipandishe hapa, zina jina la mgonjwa na tarehe yake ya kuzaliwa ndani, hata ukibadilisha jina la faili. Zifute kwanza kwa programu, kisha zifungue uangalie kama kweli zimefutika.